Paka wa nyumba nne, sindano tatu

Mwanangu aling'atwa na paka Jumanne moja ya mwezi Mei, saa kumi na moja jioni. Kati ya saa hiyo na kesho yake asubuhi nilifanya karibu kila kosa ambalo mzazi anaweza kulifanya. Naandika kwa ajili ya yeyote mwenye paka mtaani kwake anayeingia kila nyumba, akalishwa na kila mtu, na wala hajulikani ni wa nani.

Tunaishi Tanga, Ngamiani, kule ambako barabara zina namba badala ya majina. Nyumba zetu ni za zamani, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, baraza mbele na ua nyuma. Ua wa nyumba moja umegusana na ua wa nyingine, umetenganishwa na ukuta mfupi tu au bati. Mtu hupita mlangoni, ila paka ana barabara yake juu ya kuta, na kwa barabara hiyo nyumba zote ni moja.

Huyu wetu alianza kuonekana mwaka mmoja kabla. Mwili wa mistari ya kijivu, kifua cheupe, sikio la kushoto limechanika ncha. Alikuja kwangu saa ya chakula cha mchana, akakaa kizingitini bila kulia, mpaka nikamtupia kichwa cha samaki. Nikamwita Chui. Nilidhani ni paka shume asiye na kwao, na kwamba mimi ndiye niliyemhurumia. Kumbe alfajiri alikuwa kwa mama anayekaanga vitumbua nyumba ya kona, ambako hakuwa na jina, aliitwa "paka wewe" tu. Saa tatu alikuwa amelala juu ya mabaki ya vitambaa kwa mzee fundi cherehani, na huko alikuwa Sultani. Usiku alilala kwa bibi wa nyumba ya nyuma, aliyempa jina la Mgeni. Nyumba nne, kila moja ikidhani inamjua. Hayo yote niliyajua baadaye, baada ya balaa, na ningeyajua mwanzoni kama ningeuliza swali moja tu barazani.

Sultani, Chui, Mgeni, jina lolote utakalo, alikuwa jike. Fundi hakujua, nami sikujua. Nilimwona tumbo limejaa nikasema ameshiba. Mimba ya paka ni miezi miwili na siku chache, haikupi muda mrefu wa kutambua. Akazaa watoto watatu ndani ya boksi la vitambaa, nyuma ya cherehani mbovu.

Mwanangu ana miaka saba. Jumanne ile alitumwa kwa fundi kuchukua suruali yake ya shule, akasikia vilio vidogo, akapeleka mkono ndani ya boksi. Mama mtu alikuwa kalala mumo humo. Alimng'ata kwenye kiungo cha kidole gumba, meno mawili ya juu yakaingia yote.

Alikuja mbio analia. Damu ilikuwa kidogo, matone, vitundu viwili kama vya sindano. Nami nikafanya nilivyofanyiwa utotoni: nikafuta kwa kitambaa, nikapaka mafuta ya taa, nikafunga kwa kipande cha kanga nikakaza. Nikampa uji akalala. Baba yake alikuwa Horohoro kikazi, nikampigia simu nikamwambia ni paka tu, si mbwa.

Neno hilo, si mbwa, nimelirudia kichwani mara nyingi tangu siku ile. Ugonjwa wenyewe tunauita kichaa cha mbwa, na jina hilo limetufunga macho. Ni kweli kwamba karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huu duniani waliambukizwa na mbwa. Lakini mbwa mgonjwa humng'ata paka, na paka akishaugua mate yake yana virusi vilevile. Dalili zikishamtokea binadamu hakuna tiba ya kutegemea. Unachoweza kufanya ni kuzuia kabla hazijafika, basi.

Jioni ileile nikafanya kosa kubwa kuliko la mafuta ya taa. Nilikuwa na hasira. Kijana mmoja anayesukuma mkokoteni alikuwa barazani, nikampa shilingi 2,000 nikamwambia amchukue yule paka akamtupe mbali, nisimwone tena. Akamfunika kwa gunia palepale kwenye boksi, kwa sababu paka mwenye watoto hakimbii. Akaondoka naye. Fundi alikuwa msikitini. Watoto watatu wa paka, macho ndiyo kwanza yamefunguka, wakabaki kwenye vitambaa.

Asubuhi mkono wa mwanangu ulikuwa umevimba mpaka kiganjani, mwekundu, wa moto. Jino la paka ni jembamba na refu, linapeleka uchafu ndani kisha ngozi inajifunga juu yake, kwa hiyo jeraha dogo la paka si dogo. Tukapanda bajaji hadi hospitali.

Daktari alifungua kitambaa, akanusa mafuta ya taa, akanitazama. Hakunigombeza, na sijui kama kugombezwa kungeniuma kuliko lile jicho. Akatupeleka kwenye bomba. Akaosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kwa saa ya ukutani. Usiseme dakika 15 ni chache mpaka umshike mtoto anayelia chini ya bomba kwa muda huo. Akaniambia hicho ndicho kitu cha kwanza, palepale nyumbani, kabla ya kutafuta hata nauli: sabuni, maji mengi, muda mrefu. Usipake mafuta ya taa, majivu, majani ya chai wala chochote cha jikoni, na jeraha usilifunge ukalikaza. Kama huna bomba, mtu mmoja amimine kwa kopo, mwingine asugue taratibu.

Kisha akauliza, "Paka yuko wapi?"

Nikajibu kwamba nimeshamwondoa. Nilidhani nimesema jambo jema.

Akakaa chini kunieleza, na maelezo yale ningependa kila mzazi ayapate kabla hajayahitaji. Paka au mbwa mwenye kichaa huanza kutoa virusi katika mate siku chache tu kabla ya yeye mwenyewe kuugua, na akishaugua hafiki mbali, hufa. Kwa hiyo mnyama aliyemng'ata mtu akitazamwa siku 10 na akabaki mzima, anakula, anakunywa, maana yake siku ile aliyong'ata mate yake hayakuwa na ugonjwa. Mtu anaanza sindano mara moja bila kungoja, ila mnyama akivuka siku 10 salama, sindano zilizobaki zinaweza kusimamishwa. Ukimuua au ukimtupa, umejifungia mlango huo. Utabaki na wasiwasi, na utamaliza sindano zote ukiwa hujui kitu.

Mwanangu akachomwa sindano ya kwanza begani siku hiyo, Jumatano. Nyingine Jumamosi, nyingine Jumatano inayofuata, na ya nne ingekuja wiki moja mbele. Akachomwa na ya pepopunda, akapewa dawa ya kuua vijidudu ya siku saba. Kuna dawa nyingine ya kinga ambayo huchomwa ndani ya jeraha lenyewe pale damu inapotoka, lakini haipatikani kila mahali, na siku ile haikuwepo. Chanjo nililipia shilingi 30,000 kila sindano. Nataja bei niliyolipa mimi, kwenu ulizeni. Ninachojua ni kwamba mshahara ulikuwa haujaingia na nilikopa kwa mama wa vitumbua.

Niliporudi nikamtafuta kijana wa mkokoteni. Alikuwa na mikwaruzo mitatu mkononi, miwili imechubuka. Miguu iliniishia nguvu. Nilikuwa nimemtuma mtoto wa mwenzangu kwa shilingi 2,000 kwenda kujitia katika hatari ileile ya mwanangu. Nikamkalisha bombani, nikamwosha kwa dakika 15, nikampeleka hospitali. Sindano zake nililipa mimi, hela ya mchezo wangu wa mwezi ikaenda yote. Sikumpa kama msaada, lilikuwa deni langu.

Paka yule, kijana alikuwa amemwachia soko la Mgandini.

Hapo ndipo nilipomwendea bibi wa nyumba ya nyuma. Nilijua anapenda paka, sikujua ni huyuhuyu. Nikamwamkia, nikamweleza yote bila kuficha, mpaka ile ya gunia. Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mwalimu, paka wa nyumba haingwa, hafukuzwi. Huyo ulimwona wa njiani kwa sababu hukumwona anapolala." Akavaa baibui.

Tulifika Mgandini giza linaingia, wachuuzi wanafunga. Paka wa sokoni ni wengi, na kwenye mwanga hafifu kila mmoja ana mistari. Nikaita Chui, Chui, kila kona, hakuna aliyegeuka. Bibi akakaa juu ya kreti tupu la soda, akafungua kikaratasi cha dagaa, akaita kwa sauti ya chini, kama anayemwita mtu wa chumba cha pili: "Mgeni. Mgeni wangu." Aliita karibu nusu saa. Mimi nilishakata tamaa. Akatoka chini ya meza ya muuza nyanya, sikio la kushoto limechanika, anachechemea, akaja moja kwa moja mpaka kwenye ncha ya baibui. Hatukumshika kwa mikono. Bibi aliweka dagaa ndani ya tenga la kuku tulilokuja nalo, akaingia mwenyewe, tukafunga.

Watoto wake walikuwa wamekaa siku nzima bila maziwa. Bibi alikuwa amewafunika kwa kanga pamoja na chupa ya maji ya uvuguvugu. Wawili walikuwa hai. Wa tatu tulimkuta amekauka. Mwanangu aliuliza kwa nini amekufa, nikamwambia ukweli, kwamba mama yake alichukuliwa na mimi ndiye niliyeagiza. Alilia kuliko alivyolilia sindano.

Zikaanza siku 10. Kuhesabu kunaanzia siku ya kung'atwa, kwa hiyo mwisho ulikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Afisa mifugo wa kata alikuja na pikipiki yake, akamtazama kwa mbali, akasema mnyama afungiwe mahali asipoweza kutoka wala kugusana na watu mpaka siku hizo ziishe. Bibi akatoa stoo yake ya mkaa. Lakini kumfungia kulimkosesha usingizi. Aliikumbuka hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie. Mzee fundi ndiye aliyemtuliza. Akamwambia, "Dada, kosa la yule lilikuwa njaa. Wetu atakuwa na nyumba nne zinazomlisha." Ndipo ile "wetu" iliposemwa mara ya kwanza.

Tukapachika daftari la shule kwenye mlango wa stoo kwa uzi. Afisa alitwambia cha kutazama: anakula au anakataa, anameza au anakwama, mate yanachuruzika au la, sauti ni yake au imekauka, anatembea sawa au miguu ya nyuma inayumba, amekuwa mkali ghafla au amenyamaza kupita kawaida. Kila nyumba ikapewa zamu na kalamu. Nimelitunza daftari lile. Mama wa vitumbua ameandika: "Alfajiri, kala samaki, kanywa maji, ananyonyesha." Fundi ameandika kwa herufi za Kiarabu, bibi akanisomea. Siku ya tano pana mwandiko wangu: "Hajala asubuhi." Mstari huo niliuandika mkono unatetemeka, na mpaka saa saba mchana alipokula sikufundisha kitu darasani, niliwapa watoto kazi ya kunakili.

Tukiwa mlangoni pale tukaanza kusemezana mambo ambayo hatukuwahi kuyasema. Ikajulikana kwamba mwezi wa tatu nilimpa dawa ya minyoo, na wiki hiyohiyo fundi naye alimpa. Ndiyo maana alitapika siku mbili, nami nikadhani kalishwa sumu. Ikajulikana kwamba kuharisha kwake kulitokana na maziwa ya ng'ombe niliyokuwa nikimwekea kila mchana kwa mapenzi, kumbe paka wakubwa wengi hawayawezi, maji yanawatosha. Ikajulikana kwamba alipokuwa na homa kuna aliyekusudia kumpa panadoli, akasahau. Afisa mifugo aliposikia alishika kichwa, kwani kidonge kimoja cha panadoli kinatosha kumuua paka. Na dawa za kupulizia viroboto vya mbwa, nyingi zina permethrin, kemikali ya kuua wadudu, nayo ni sumu kwake. Ikajulikana pia kwamba nyumba ya tano, ambayo hakuwa akiitembelea, ilikuwa ikitega sumu ya panya ukutani. Paka akimla panya aliyekwisha kula sumu, sumu inampata na yeye. Mama wa vitumbua akaenda kuzungumza nao kwa upole, wakahamia kwenye mtego wa waya.

Na jambo kubwa kuliko yote: hakuwa na chanjo. Mimi, nilipojua analala kwa bibi, nilidhani bibi amemchanja. Bibi alidhani fundi, kwa kuwa fundi ana mwana anayefanya kazi ofisi ya serikali. Fundi alidhani mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu. Alikuwa amelishwa mara nne kwa siku mwaka mzima, na chanjo hata mara moja hakupata. Nimekaa na jambo hili muda mrefu. Chakula kila mtu anakiona kwa macho, anaona paka anakula, moyo unaridhika. Chanjo haionekani, na kisichoonekana kila mmoja humwachia mwenzake.

Ijumaa ilipofika, siku ya 10, afisa alikuja, akamtoa, akamwangalia macho na kinywa, akamwacha atembee uani. Paka akajinyoosha, akapanda ukutani, akarudi kwa watoto wake. Mzima kabisa. Nikaenda hospitali na karatasi ya afisa, daktari akasema sindano ya nne haihitajiki, kwa mwanangu na kwa kijana wa mkokoteni. Nililia kwenye benchi la nje, na dada mmoja nisiyemjua akanishikia mkoba.

Paka alichanjwa palepale, na watoto wake walichanjwa walipotimiza miezi mitatu. Mara nyingi karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, halmashauri hupita zikichanja bure, hivyo ulizeni kwa afisa mifugo wa kata yenu kabla ya kulipa. Paka nao hupelekwa, si mbwa peke yake. Wapelekeni ndani ya tenga lenye kifuniko au gunia la neti, maana mbwa huwa wengi kwenye foleni na paka aliyeshikwa mikononi atakurarua.

Miezi miwili na nusu baadaye, watoto walipoacha kunyonya, tulichanga afungwe kizazi. Hapa tulivutana. Fundi aliona ni kubadili umbile la Mungu. Hatukumlazimisha. Bibi alimkumbusha habari ya Abu Qatada, sahaba wa Mtume, aliyekuwa anatawadha, paka akaja, akamwinamishia chombo anywe, mkwewe alipostaajabu akamweleza kwamba Mtume (S.A.W.) amesema paka si najisi, ni katika wanaowazunguka majumbani. Kisha akamwambia, "Wanaotuzunguka tunawajibika nao. Wakiwa kumi na tano hatutaweza." Paka jike anaweza kubeba mimba akiwa na miezi mitano tu, na anaweza kubeba tena angali ananyonyesha. Fundi alikwenda akauliza kwa anayemwamini, akarudi na mchango wake bila maneno. Kama mko katika hali kama hiyo, mpeni mtu nafasi ya kuuliza kwa anayemwamini.

Jambo moja nililikosea hata hapo. Nilimlisha asubuhi ya operesheni kwa kumhurumia, daktari wa mifugo akaahirisha kwa siku tatu. Na kwa nyumba nne haitoshi wewe peke yako usimlishe, lazima nyumba zote zifunge milango ya jikoni tangu usiku. Mara ya pili mama wa vitumbua alimweka ndani tangu magharibi.

Daktari alipotoa kadi ya chanjo aliuliza jina la mnyama na jina la mmiliki. Jina halikuwa na ubishi, tulikuwa tumekwisha kumwita Mgeni sote, hata mwanangu. Kwenye mmiliki aliandika jina la bibi na simu yangu, kisha pembeni, kwa ombi letu, namba ya barabara.

Mwanangu ana vidoa viwili kwenye kidole gumba. Kwa miezi mitatu hakumkaribia paka yeyote, nasi hatukumhimiza. Siku moja alikaa kizingitini na kichwa cha changu kwenye sahani, akakisukuma mbele kwa mguu, akarudi nyuma. Sasa anamlisha kwa mkono, ila akiwa anakula hamgusi, na akimwona amelala hamshtui. Hayo alijiwekea mwenyewe.

Daftari lingali mlangoni pa stoo, tumeongeza ukurasa wa dawa: tarehe, nani katoa, kiasi gani. Chanjo ya Mgeni inakwisha mwezi ujao, na zamu ya kulipa ni ya fundi.